Somo la Sanaa Si Jalala la Shule

Kila mwaka wa masomo unapoanza, na orodha za masomo ya hiari zinapobandikwa ukutani, husikika methali moja vinywani mwa walimu na wazazi: mchagua nazi hupata koroma. Huambiwa mtoto aliyesita, aliyeuliza swali la pili, au aliyeomba siku mbili zaidi za kufikiri. Sisi tunaofundisha lugha twaijua methali hiyo na twaipenda. Lakini twapinga kwa nguvu zetu zote matumizi yake mahali hapa. Methali hiyo humwonya mtu aliyezishika nazi zote mkononi akazitupa kwa kiburi. Haikukusudiwa kumfumba macho mtoto wa miaka 13 ambaye hajaonyeshwa nazi hata moja.

Tunazungumza juu ya uchaguzi wa darasa la sanaa: uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, ufumaji, na kazi nyingine zote ambazo mkono na jicho huzifanya pamoja. Yumkini msomaji atauliza jambo hili linawahusu nini walimu wa Kiswahili. Linatuhusu sana, kwa sababu mbili. Kwanza, sisi ni walimu wa darasa na walezi, nasi ndio tunaoulizwa na watoto wachague nini. Pili, mpango wa masomo wa Uganda umeliweka somo letu na somo la sanaa karibu mno, kiasi kwamba tendo la upande mmoja huugusa upande wa pili.

Tuutazame mpango wenyewe. Tangu mtaala mpya wa shule za sekondari za chini ulipoanza mwaka 2020, mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili husoma masomo 11 ya lazima, na Kiswahili ni mojawapo. Juu ya hayo huchagua somo moja tu la hiari. Katika nafasi hiyo moja wamesukumwa pamoja kilimo, kompyuta, fasihi, lugha za kwetu na za kigeni, maarifa ya chakula, ufundi, muziki na maigizo, na sanaa. Mlango ni mmoja, na nje yake umati unasubiri. Afikapo kidato cha tatu, Kiswahili nacho hutoka katika masomo ya lazima kikasimama kwenye foleni ile ile. Kwa hiyo mtoto apendaye rangi na apendaye ushairi pia huweza kulazimika kuacha kimoja, na mara nyingi asiulizwe sababu.

Basi, kama nafasi ni moja, ingetazamiwa kwamba uchaguzi ungefanywa kwa uangalifu mkubwa. Mambo ni kinyume. Katika shule nyingi tunazozijua, uchaguzi wa sanaa hufanywa kwa mojawapo ya njia tatu, na zote tatu ni mbovu.

Njia ya kwanza ni ya jalala. Mwenye alama ndogo za hesabu hupelekwa kwenye sanaa. Mwenye alama kubwa huondolewa huko hata kama analia. Watetezi wa njia hii husema ya kuwa wanamhurumia mtoto dhaifu kwa kumpa somo jepesi. Twawauliza: ni nani aliyewaambia kuwa ni jepesi? Mfinyanzi asiyejua kupima maji na udongo ataona chungu chake kikipasuka motoni. Mchongaji hana kifutio. Alichokitoa kwa patasi hakirudi. Mchoraji wa umbo la mtu hana budi kujua urefu wa mkono kwa kulinganisha na kiwiliwili, na hicho ni kipimo. Mtoto aliyeshindwa na uwiano katika hesabu atakutana nao tena kwenye karatasi ya kuchorea, na safari hii hataweza kunakili jibu la jirani yake. Huruma ya namna hiyo humtoa mtoto katika shimo moja na kumtia katika jingine, kisha humwachia mwalimu wa sanaa darasa la watoto walioambiwa waziwazi kwamba wametupwa. Mwalimu gani awezaye kufundisha watu waliokwisha kupewa hukumu?

Njia ya pili ni ya kipaji. Hapa watu husema: fulani amezaliwa nacho, fulani hana, na mambo yamekwisha. Mwalimu humpa kila mtoto karatasi, huwaagiza wachore chungwa, na baada ya dakika 40 huwagawa kondoo na mbuzi. Kauli hii inaonekana kuiheshimu sanaa, lakini kwa hakika inaidhalilisha, maana inaifanya kuwa bahati nasibu. Tena historia ya jirani zetu inaikanusha.

Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya wachoraji katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Mmoja wa waliochora humo alikuwa Bela, mtu mzima aliyetoka Chad na ambaye hakuwahi kukanyaga shule ya sanaa. Bela alichora kwa ncha za vidole vyake. Wengine walikuwa Pilipili Mulongoy, aliyejulikana kwa samaki, ndege na wanyama walionakshiwa kwa subira kubwa, na Mwenze Kibwanga, aliyejaza picha zake kwa mistari mifupi mifupi iliyopangwa kama ususi. Walifanya kazi chini ya paa moja, kwa mwalimu mmoja, na hata hivyo mtu aliyezoea kazi zao hawezi kuichanganya picha ya mmoja na ya mwenziwe. Lau Bela angepewa karatasi na dakika 40 za kuchora chungwa kwa penseli, je, angepita? Sisi hatudhani. Alihitaji mahali, vifaa, muda, na mtu ambaye hakumnyang'anya vidole vyake ili ampe brashi kwa lazima.

Hatusemi kwamba watu wote wana vipawa sawa. Tunasema kwamba kipawa hakionekani mpaka kipate kazi inayokifaa, na kazi inayokifaa haijulikani mpaka ijaribiwe. Kumpima mtoto kwa penseli pekee, na kisha kutangaza kuwa hana sanaa, ni sawa na kumpima mwanafunzi wa Kiswahili kwa ngeli peke yake na kutangaza kuwa hana lugha. Yupo mtoto asiyeweza kuchora mstari ulionyooka, na ambaye udongo humtii. Yupo mwingine anayechoshwa na udongo, na ambaye ukimpa nyuzi za rangi mbili atakaa nazo mpaka jua lizame.

Njia ya tatu ni ya cheti na soko. Mzazi huuliza: atapata nini? Swali hilo ni halali, wala hatutamcheka mzazi aliyeuza mbuzi kulipa karo. Lakini jibu linalotolewa na shule nyingi si la kweli. Huambiwa: sanaa haina kazi, au huambiwa: nenda kajifunze kuchora twiga na machweo, watalii watanunua. Majibu yote mawili yanamficha mtoto jinsi kazi hiyo inavyojifunzwa.

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora yapata mwaka 1968, kwa rangi za mafuta zinazong'aa, juu ya vipande vya mbao laini za dari. Akafa mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi. Vijana wachache, wengi wao jamaa zake, walikuwa wamekwisha kujifunza kwake, nao wakawafundisha wengine. Na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda chama cha ushirika. Humo mwanafunzi hujifunza kwa kukaa karibu na fundi na kusaidia: hutengeneza ubao, hupaka rangi ya nyuma, hujaza madoa ya chui, kisha siku moja huchora mnyama mzima. Hiyo ni shule halisi. Ina faida zake: mtoto hushika brashi tangu siku ya kwanza, hujifunza bei na mteja, na huweza kupata riziki mapema. Ina hasara zake pia: hujifunza mtindo mmoja, na mara nyingi hulipwa kwa kurudia kile kilichouzika jana. Anayetaka riziki ya haraka na anayeupenda mtindo huo amefika mahali pake. Anayetamani kuchora sura ya bibi yake, au jengo, au ugomvi wa sokoni, atasongwa roho. Mshauri mwema humweleza mtoto yote mawili. Mshauri mbaya humwambia tu kwamba watalii wana fedha.

Hapa Uganda tunao mfano mwingine, mkongwe zaidi. Kitambaa cha gome la mutuba, ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa wanadamu, hutengenezwa na mafundi wa ukoo wa Ngonge wa Buganda. Gome la ndani huvunwa wakati wa mvua, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao za namna mbalimbali mpaka lilainike na kutanuka. Hakuna mtihani wa karatasi kwa kazi hiyo. Kijana hujifunza kwa kusikia mlio wa nyundo ya fundi na kuulinganisha na wa kwake. Je, hilo si darasa la sanaa? Ikiwa mtoto wetu wa kidato cha pili anaishi jirani na fundi kama huyo, na shule yake haina hata rangi, ushauri wa busara ni upi: achague somo lisilo na vifaa kwa ajili ya alama, au achague somo jingine shuleni na Jumamosi aende kwa fundi? Sisi twasema aende kwa fundi. Kuchagua darasa la sanaa si lazima kuwe kuchagua darasa la shule.

Hapa mpinzani wetu mwerevu atasimama. Atasema: ikiwa mnasifu uhuru wa Bela, na mnasifu nyundo ya fundi, basi vunjeni shule za sanaa, kila mtu ajifunze apendavyo. La, hatusemi hivyo. Uhuru pekee hautoshi, na historia ya Makerere inatufundisha kwamba hakuna njia moja inayowafaa wote.

Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, katika baraza ya nyumba yake. Aliogopa kuwajaza wanafunzi wake mifano ya Ulaya. Mara nyingi aliwasimulia tukio au hadithi, kisha akawaacha walitoe umbo lake vichwani mwao. Katika malezi hayo walitoka watu wawili wasiofanana kamwe: Sam Ntiro wa Kilimanjaro, mchoraji wa mashamba na kazi za kijijini, na Gregory Maloba wa Kenya, mchongaji aliyeunda sanamu ya uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962. Mwaka 1958 Trowell alipoondoka, nafasi yake ilishikwa na Cecil Todd, ambaye aliona kinyume chake: kwamba mwanafunzi wa Afrika Mashariki ana haki ya kuijua sanaa ya dunia nzima, historia yake na mbinu zake, kama ajuavyo mwanafunzi wa mahali pengine popote. Hadi leo wapo wanaomtetea mmoja na kumlaumu mwingine. Hata Lubumbashi mambo yalikwenda vivyo hivyo: mwaka 1951, miaka mitano tu baada ya karakana ya Desfossés, Laurent Moonens alianzisha chuo cha sanaa katika mji ule ule, chenye mafunzo ya utaratibu.

Sisi hatuamui nani kati yao alikuwa na haki, kwa sababu twaona swali limekosewa. Lililo muhimu kwa mwanafunzi ni kujua amepungukiwa na nini. Aliyejaa picha kichwani asiyejua namna ya kuzitoa anahitaji mbinu: vipimo, kivuli, mchanganyiko wa rangi, matumizi ya chombo. Huyo akienda kwa mwalimu anayemwambia kila siku ajieleze tu, atavunjika moyo kwa kutojua. Aliye hodari wa kunakili, ambaye kila alichokiona hukitoa kama kilivyo lakini hana lake la kusema, anahitaji mwalimu atakayemficha mifano na kumwuliza maswali. Huyo akipelekwa penye mazoezi ya kunakili atasifiwa miaka minne na asisogee hata hatua moja. Darasa lile lile ni dawa kwa mmoja na sumu kwa mwenzake. Ndiyo maana twasema uchaguzi si anasa.

Basi mtoto achagueje? Aende akaone. Aombe kuonyeshwa kazi za wanafunzi wa mwaka uliopita, si za mwalimu. Zikiwa zote zinafanana kana kwamba zimetoka katika mkono mmoja, ajue kwamba hapo mwalimu ndiye anayechora, wanafunzi ni brashi zake. Atazame mikono ya wanafunzi: kama darasa limekwisha na mikono yote ni safi, hilo lilikuwa somo la maneno. Aulize vifaa vinanunuliwa na nani, kwa maana wako watoto walioacha somo katikati ya mwaka kwa kukosa rangi, na heri kulijua hilo mapema na kuchagua ufinyanzi, ambao udongo wake upo bondeni. Aulize ni wangapi walioanza na ni wangapi waliobaki. Aulize lugha inayotumika, kwa kuwa maelezo ya kazi ya mkono yasipoeleweka wakati ule ule, mkono hukosea na kitu huharibika. Mwisho ajiulize nafsi yake: je, nilipokuwa nikiifanya kazi hii, niliangalia saa? Hilo la mwisho si la kitaalamu, lakini hatujaona kipimo kinacholishinda.

Sasa tugeukie nyumbani kwetu, kwa walimu wa Kiswahili, maana lawama isiyofika mlangoni pa mwenye kulaumu ni porojo. Tumewasikia baadhi ya wenzetu wakijisifu jinsi wanavyojaza madarasa yao ya kidato cha tatu. Huwatisha watoto: sanaa ni gharama, sanaa ni ya wavivu, njooni Kiswahili mpate alama za bure. Kwa maneno haya wanafanya makosa mawili kwa mpigo mmoja. Wanalitukana somo la mwenzao, na wanalitukana somo lao wenyewe, kwa kuwa kinachotangazwa kuwa cha bure hakithaminiwi hata na anayekichukua.

Je, tumesahau upesi hivyo? Nchini mwetu Kiswahili kimeitwa lugha ya askari na ya wezi. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa, na madarasani hakikuonekana. Mwaka 2005 kikaingizwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili, na madarasani kikaendelea kusubiri. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likatoa uamuzi wa kukifundisha kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, na hadi leo kazi ya kupata walimu na vitabu ingalipo. Miaka hiyo yote tulilalamika kwamba watoto wetu wananyimwa somo kwa dharau bila kulionja. Mtu aliyekaa nje ya mlango muda mrefu namna hii hastahili, akishaingia, kuwa wa kwanza kumfungia mwenzake.

Tena hasara ni yetu. Lugha tunayoifundisha imejaa kazi za mikono. Tezo, patasi, msasa, mtalimbo, kinu, ukili, tanuri: mtoto ambaye hajawahi kuvishika vitu hivi huyakariri majina yake kama majina ya sayari. Mwanafunzi wetu akitoka kwenye karakana na udongo kuchani, ana jambo la kueleza, na insha yake huwa na uti wa mgongo. Anayejifunza kumtazama mtu vizuri kiasi cha kumchora hujifunza pia kumtazama vizuri kiasi cha kumsimulia. Tungekuwa na akili tungewapeleka wanafunzi wetu kwa mafundi, wawahoji kwa Kiswahili na kuandika majina ya zana na hatua za kazi, badala ya kuwavizia mlangoni mwa darasa la jirani.

Kwa hiyo twawataka wanachama wenzetu wayadai mambo matatu katika shule zao kabla orodha za mwaka ujao hazijabandikwa. La kwanza, mwanafunzi asiandike jina lake kwenye somo lolote la hiari kabla ya kuingia katika chumba cha somo hilo na kuona kazi ikifanywa. La pili, alama za hesabu au za sayansi zisiwe sababu ya kumtia mtoto katika sanaa wala ya kumtoa. La tatu, aliyechagua vibaya aruhusiwe kubadili mwishoni mwa muhula wa kwanza, bila kutukanwa na bila kuitwa mbele ya gwaride. Hayo matatu hayahitaji fedha wala waraka wa wizara. Yanahitaji mwalimu mmoja atakayesimama katika kikao cha walimu na kuyasema, na akiambiwa kwamba mchagua nazi hupata koroma, ajibu kwamba koroma hupata pia yule aliyechaguliwa nazi na mtu mwingine gizani.